Pete inayozunguka kwa pumzi

Mtu akishika mojawapo ya modeli zangu za vyombo vya angani, zile zenye pete au pipa linalozunguka katikati ya bodi, kidole chake huenda palepale. Huipiga pete ikakimbia mpaka madirisha yaliyochorwa yakawa mstari mmoja, kisha husifu jinsi ilivyo laini. Mimi kasi hainiambii kitu. Ninachotazama ni mizunguko miwili mitatu ya mwisho, pete inapoishiwa nguvu. Ikikatika ghafla, kuna mahali inakwaruza. Ikisimama, ikarudi nyuma, ikaenda mbele tena na kubembea hadi itulie, ina upande mzito. Ikififia taratibu na kusimama popote, kila mara mahali tofauti, hapo naweka zana chini.

Kasi inaficha. Pete iliyopigwa kwa nguvu ina mwendo wa kutosha kuvuka kila kikwazo kidogo, na utadhani imekamilika. Mwendo wa polepole hauna pa kujificha, na isitoshe ndio mwendo unaofaa kwa kitu chenyewe. Wazo la kuzungusha sehemu ya chombo ili walio ndani wahisi uzito lina hesabu fupi: chukua kasi ya mzunguko kwa radiani (kipimo cha pembe) kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa nusu kipenyo. Pete yenye nusu kipenyo cha mita 224 hivi, ikizunguka mara 2 kwa dakika, inatoa uzito kama wa duniani. Ukitaka mzunguko 1 tu kwa dakika, nusu kipenyo kinakaribia mita 900, na ndiyo maana makazi ya angani yaliyobuniwa Stanford mwaka 1975 chini ya NASA yalikuwa pete ya kipenyo cha kilomita 1.8. Gurudumu alilolipendekeza mhandisi wa roketi Wernher von Braun mwaka 1952 lilikuwa dogo zaidi, kipenyo cha mita 76 hivi kwa mizunguko 3 kwa dakika, na lisingefikisha hata nusu ya uzito wa duniani. Kwa vitendo, Gemini 11, chombo cha NASA chenye wanaanga, ilijaribu Septemba 1966: ilifungwa kwa kamba ya mita 30 na chombo cha Agena, vikazunguka pamoja, na uzito uliopatikana ulikuwa sehemu ndogo mno ya ule wa duniani.

Sasa leta hesabu hiyo mezani. Pete ya modeli yenye kipenyo cha sentimita 6, ikizunguka mara 2 kwa dakika, ukingo wake unatembea milimita 6 hivi kwa sekunde. Ni mwendo wa mdudu mvivu. Kufika hapo bila pete kukwama ni kazi tofauti kabisa na kuifanya ikimbie, na karibu kila nilichojifunza kimetokana na kuutafuta mwendo huo.

Wengi huanza kwa kuuliza grisi gani au beringi gani. Swali la kwanza kwangu ni nani ataibeba pua. Kwenye modeli nyingi pete iko katikati, nyuma kuna injini, mbele kuna pua, na vyote vimeumbwa kipande kimoja au vimegundishwa pamoja. Ukiikata pete ili izunguke, umekata pia kilichokuwa kinaishika pua. Kuanzia hapo ekseli, yaani waya unaopita katikati, ina kazi mbili, kuunganisha nusu mbili za bodi na kuipa pete mahali pa kuzungukia, na kazi hizo zinavutana. Kwa nguvu unataka ekseli nene, maana ugumu wake dhidi ya kupinda hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo: ongeza unene mara 2, ugumu unapanda mara 16. Kwa ulaini unataka nyembamba, kwa kuwa msuguano unashika kwenye uso wa ekseli, na uso huo ukiwa mbali na kitovu ndivyo unavyopata nguvu ya kuizuia pete. Ekseli ya milimita 4 inaizuia pete mara 4 kuliko ya milimita 1, uzito na vifaa vikiwa vilevile.

Mvutano huu niliuona wazi kwenye chombo cha aloi ya bati chenye pua nzito. Ekseli ya kwanza ilikuwa ya brasi, milimita 1.5, na kwa mkono ilionekana imara. Nilipokiweka kwenye stendi, pua ikainama. Mwanya kati ya pua na pete ukapanuka juu na kufungika chini, na pete ikawa inakwaruza upande mmoja tu kila ilipopita. Kupanua mwanya kwa msasa kungeharibu sura ya chombo na kuiacha pua ikiwa imeinama vilevile. Dawa ilikuwa waya wa chuma kigumu wa milimita 2. Chuma kina ugumu karibu mara 2 ya brasi kwa unene uleule, na ile nusu milimita ya ziada inafanya kazi kubwa kuliko unavyodhani. Kwa jumla ugumu ulipanda zaidi ya mara 6. Pua ikanyooka, msuguano ukaongezeka kidogo tu.

Pete yenyewe haikai juu ya waya moja kwa moja. Ndani yake nagundisha mrija wa brasi, na mrija huo ndio unaozunguka. Hapa kuna jambo ambalo halionekani mpaka ulifanyie kazi. Mrija unaobana ekseli kwa urefu wake wote hukwama kwa kasoro yoyote ya kunyooka. Mrija mfupi nao huiacha pete iyumbe. Ukiwa na pleyi, yaani ulegevu kati ya mrija na ekseli, ya milimita 0.1 na sehemu mbili za kushikia zilizoachana milimita 5, ukingo wa pete ya nusu kipenyo cha sentimita 3 utayumba milimita 0.6. Ziachanishe milimita 15, pleyi ikiwa ileile, mayumbo yanashuka hadi 0.2. Kwa hiyo natumia mrija mpana kidogo, mrefu kadiri bodi inavyoruhusu, na kila mwisho natia kipande kifupi cha mrija mwembamba unaoikaribia ekseli. Katikati hakuna kinachogusa. Kama pete ni nyembamba na haina nafasi, naurefusha mrija uingie ndani ya bodi, mbele na nyuma, kwenye matundu niliyoyachimba mapana kuuzidi. Kutoka nje huoni kitu.

Kukata nitapita haraka. Zungusha utepe wa karatasi mara kadhaa mpaka kingo zake zilaliane, utakuwa umepata mstari ulionyooka wa kufuata. Tumia msumeno mwembamba wa meno madogo, uzungushe modeli badala ya kukata kutoka upande mmoja hadi wa pili, na ukumbuke kwamba msumeno unakula unene wake. Kama unajali urefu wa chombo, rudisha kwa kipande cha plastiki ya shiti. Uso uliokatwa usugue juu ya msasa uliolowa maji uliotandazwa kwenye kioo. Maji si kwa ajili ya ulaini tu. Vumbi la resini, plastiki ya kumimina, halifai kabisa mapafuni, na modeli za zamani za chuma laini mara nyingi zina risasi ndani yake.

Kutafuta kitovu ndiko kulikonichukulia muda. Nilikuwa nikipima kwa venia, kile kipimo cha taya mbili, natia alama kwa sindano, natoboa kwa drili ya mkono nikianza na biti ndogo, na bado pete zilitoka na mayumbo. Tatizo halikuwa mkono. Modeli zilizomiminwa kwenye kalibu ya nusu mbili huwa hazikukutana sawasawa. Upande mmoja umesogea kidogo, na kitovu cha mbele si kitovu cha nyuma. Hata pete iliyochapwa kwa mashine inaweza kukauka ikiwa yai kidogo. Ukishatoboa tundu linaloubana mrija, umeifunga kasoro hiyo ndani milele.

Nikaacha kutafuta kitovu kwa kipimo. Siku hizi natoboa tundu pana kuliko mrija, milimita moja hivi ya ziada, na kitovu nakitafuta pete ikiwa inazunguka. Ekseli naibana kwenye kipande cha mbao ikiwa imelala. Naipaka mafuta ya kujipaka kwa wembamba ili gundi isiingie, naivika mrija, kisha naivika pete juu ya mrija ikiwa na epoksi kwenye tundu. Iwe epoksi ya kukauka taratibu, inayokupa nusu saa. Ile ya dakika 5 itakukatisha tamaa. Kisha naisimamisha sindano ya kushonea kwenye donge la plastisini, ncha ikiwa karibu kabisa na ukingo wa pete bila kugusa, na taa nyuma yake.

Hapo unazungusha pete kwa ncha ya kijiti na kutazama mwanga kati ya sindano na ukingo. Unapanuka, unafifia, unapanuka. Pale unapofifia ndipo pete imetokeza, basi unaisukuma kidogo upande huo kuelekea kitovuni, unazungusha tena. Mwanzoni epoksi inateleza na pete inarudi ilikotoka. Baada ya dakika kumi hivi inaanza kushika, na kila msukumo unabaki ulipouweka. Hicho ndicho kipindi cha kazi. Ukimaliza huo wa pembeni, sogeza sindano ikabili uso wa pete, kwa sababu pete inaweza kuwa katikati na bado imelala upande. Ule mwanga unapobaki mwembamba uleule mzunguko mzima, unaondoka na kuiacha usiku kucha. Supaglu hapa haifai hata kidogo. Inapenya kila mwanya kwa kunyonywa tu, ikifika kwenye ekseli umemaliza, na mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya plastiki.

Pete iliyo katikati kabisa bado inaweza kuwa na upande mzito. Resini huficha mapovu ya hewa ndani, na chombo chenye mnara au kituo cha kutulia upande mmoja kina uzito huo kwa mchoro wenyewe. Na kwa kuwa modeli nyingi husimama na ekseli imelala, upande mzito hutafuta chini kila mara. Ungeisimamisha modeli wima, pua juu, pete hiyohiyo ingezunguka kana kwamba haina tatizo. Nimewahi kuona watu wakijaribia modeli mkononi ikiwa wima na kushangaa ilipofika kwenye stendi.

Balansi naifanya kabla ya kupaka rangi. Nachukua nyembe mbili, nazisimamisha sambamba kwenye plastisini, makali juu, mbali kidogo zaidi ya upana wa pete, na nahakikisha zote ziko usawa. Pete naitia ekseli ya muda iliyobana, kisha naiweka ekseli hiyo juu ya makali. Juu ya wembe msuguano ni mdogo mno kiasi kwamba pete itajigeuza yenyewe hata kwa tofauti usiyoweza kuihisi kidoleni. Inapotulia natia alama ya penseli juu kabisa, kwenye upande mwepesi, na kubandika donge dogo la plastisini hapo. Nasubiri, naigeuza robo, naiachia. Naongeza, napunguza. Inapobaki popote ninapoiweka, natoa plastisini, naipima, na kutia uzito huohuo wa risasi au tangsteni ndani ya ukuta wa pete, umbali uleule kutoka kitovuni. Umbali una maana: ukiuweka uzito karibu na kitovu mara 2, lazima uwe mzito mara 2. Pale ambapo ukuta ni mwembamba na hakuna pa kuficha risasi, nachimba upande mzito kwa ndani badala ya kuongeza mwepesi. Napenda zaidi kuchimba. Pete nyepesi inaikalia ekseli kwa uzito mdogo, na msuguano unashuka nayo.

Baada ya hapo ndipo suala la beringi linapata maana, na mara nyingi jibu ni kwamba huhitaji. Beringi ndogo za gololi zinapatikana hata za tundu la milimita 1 na kipenyo cha nje cha milimita 3, nazo ni nzuri, lakini zinakuja zimejaa grisi iliyokusudiwa mashine yenye nguvu. Pete ya gramu chache haina nguvu ya kuisukuma grisi hiyo. Nimeweka beringi mpya kwenye pete iliyokuwa ikizunguka vizuri kwenye mrija mtupu, na ikawa nzito kuliko mwanzo. Ukizitumia, zitoe kizuizi, kile kifuniko cha pembeni, kama kinatoka, zioshe kwa spiriti mpaka gololi zilie kwa ukavu, kisha tone moja la mafuta mepesi ya cherehani. Zile zenye kizuizi cha mpira ziache, mpira wenyewe unakwaruza. Kwa mrija wa brasi juu ya chuma, mimi husugua ekseli kwa penseli laini. Grafiti haivuti vumbi kama mafuta, haipandi kwenye rangi, na haiigusi plastiki. Mafuta ya silikoni siyaruhusu yakaribie meza ya kupakia rangi, kwa sababu yakishagusa uso rangi haishiki.

Rangi nayo ina unene. Praima, rangi, kivuli, vanishi: kila uso unaokabiliana na mwenzake umeongezeka, na mwanya uliokuwa unatosha unaanza kunata, hasa siku ya joto rangi ikiwa bado changa. Nyuso za mwanyani nazipaka kwa brashi, safu moja nyembamba ya rangi nyeusi, na matundu nayaziba kabla ya kupuliza. Nyeusi pia inasaidia macho, mwanya unaonekana kivuli na si ufa. Jambo jingine la rangi nililigundua kwa kuchelewa kidogo: pete yenye rangi moja laini pande zote ikizunguka polepole inaonekana imesimama. Inahitaji alama zisizolingana, paneli moja iliyofifia hapa, safu ya madirisha yaliyozimwa kule, ili jicho lione mwendo.

Mota ni ladha ya mtu. Mota ndogo yenye gia itakupa mizunguko 2 kwa dakika bila shida, ila pete haitakuwa huru tena, kwa kuwa gia haziruhusu kusukumwa kutoka nje. Mgeni akiigusa kwa kidole, jino la gia linaweza kuvunjika. Nikitaka vyote viwili, mota naiweka ndani ya bodi izungushe sumaku ndogo, na sumaku nyingine inayoikabili naiweka ukutani mwa pete. Pete inafuata bila kuguswa, na mtu akiishika sumaku zinaachana tu. Kuna burudani moja ya fizikia hapa. Ning'iniza modeli kwa uzi ikiwa wima, washa mota, na bodi itaanza kugeuka kinyume cha pete. Ndiyo sababu wabunifu wengine wa vyombo huchora pete mbili zinazozunguka kinyume, moja ikifuta mgeuko wa nyingine. Ukiisukuma pete kwa kidole badala ya mota, mambo yanageuka: bodi inaburutwa taratibu kuifuata pete, na kadiri inavyoburutwa kwa haraka ndivyo unavyojua msuguano wako bado ni mwingi. Nimekuwa nikitumia jambo hilo kama kipimo.

Kusafirisha kunaharibu kuliko kuchezea. Mtikisiko wa njiani unaifanya pete igonge ekseli mfululizo, na ncha za mrija zinapanuka. Kwa hiyo pua zangu sasa huchomoka: ekseli imegundishwa nyuma tu, na mbele inaingia kwenye mrija wenye sumaku mwishoni. Pete inavuliwa na kusafiri peke yake ndani ya sponji. Faida ya pili ni usafi, maana vumbi na nywele hujisokota kwenye ekseli na huwezi kuzitoa bila kuvua. Sumaku ya duara iliyokaa katikati kabisa ya ekseli haizuii mzunguko. Iliyokaa pembeni inaipa pete mahali inapopenda kusimama, na utaitafuta balansi ambayo haikupotea.

Kilicho mezani kwa sasa kina mapipa mawili kwenye ekseli moja, kila moja na mrija wake, yakitenganishwa na washa nyembamba ya plastiki. La nyuma limetulia. La mbele bado linabembea kuelekea upande wa kituo chake cha kutulia, na pale ukutani hakuna pa kuchimba tena, kwa hiyo tangsteni itaingia upande wa pili, chini ya paneli ambayo bado sijaibandika.